Alifunika jina, akausahau mwandiko

Saa tatu na nusu asubuhi, katika chumba cha pili juu ya duka la matairi huko Nakawa, Santa Ayaa ameinamia karatasi. Mkono wa kushoto umeshika rula. Kidole cha mkono wa kulia kinatembea chini ya mstari, pole pole, neno kwa neno, kama mtu anayechambua mchele.

Hasomi habari iliyoandikwa. Anatafuta majina.

Kando yake kuna kikaratasi alichoandikiwa na mhariri kwa herufi kubwa: majina ya watu wawili, jina la chuo, jina la mahali wanakotoka. Kila anapokutana na moja kati ya hayo, anakata kipande cha karatasi nyeupe, anakipaka gundi, anakibandika juu yake. Ukurasa wa kumi na moja amelikuta moja limejibanza ndani ya mabano, chini kabisa. Anacheka peke yake.

"Unajificha wewe," analiambia. "Kaa hapo hapo nikufunike vizuri."

Akimaliza, kurasa zote zinapita kwenye mashine ya fotokopi, na ni zile nakala zinazotoka nje ya ofisi. Zamani walipaka wino mweusi tu, basi. Mpaka siku moja msomaji mmoja akauinua ukurasa dirishani, jua likapenya, na jina likasomeka bila taabu yoyote. Tangu siku hiyo ni karatasi na gundi.

Santa ana miaka sitini na miwili. Ni bibi wa wajukuu watano, mjane wa askari polisi. Shule aliiachia darasa la nne huko Kitgum. Kiswahili chake ni cha kambini, alichokipata alipoolewa, na bado kina haraka ya watu wa gwaride. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa mhudumu katika ofisi ya jarida dogo la wanazuoni, linaloandika habari za ziwa, samaki, na watu wanaoishi kwa samaki. Anafagia, anachemsha chai, anapeleka bahasha. Na anafunika majina.

Kwa hayo yote anapata shilingi laki tatu na themanini elfu kwa mwezi. Chumba chake cha Kinawataka kinameza laki moja na nusu. Halalamiki. Kazi anaipenda, na hiyo ya majina ndiyo anayojivunia kuliko zote.

Ndiyo hiyo hiyo iliyomletea jambo ambalo, anasema akigusa kifua, "limenikaa hapa kama tonge lililokataa kushuka." Kuna binti aliyeacha kuandika kwa sababu yake. Kuna mzee anayekaa peke yake Jumapili kwa sababu yake. Na Santa, kwa umri huu, anataka kuwarudisha hao wawili pale walipokuwa kabla yeye hajaingiza mkono.

Utaratibu wa jarida hauna uchawi. Mtu anafanya utafiti wake, anauandika, anauleta. Mhariri, Daktari Odyek, anautazama kwanza, na usiofaa kabisa anaurudisha mlangoni. Uliobaki anawapa wanazuoni wawili wanaoijua mada hiyo. Hao huitwa wahakiki. Hawaambiwi ni kazi ya nani. Na mwandishi naye haambiwi ni nani walioisoma. Kila mmoja anatoa neno lake: ichapishwe, isahihishwe, au ikataliwe. Mhariri anayaweka maneno yote mawili kwenye mizani, halafu ndipo anamwandikia mwandishi barua ya uamuzi.

Kwa mwaka inaingia miswada kama sitini. Inayochapishwa haifiki ishirini.

Ukimuuliza Santa kwa nini watu wafichane hivyo, anaweka gundi chini kwanza.

"Ukialikwa chakula, ukaambiwa amepika mama mkwe wako, utasema chumvi imezidi? Utakula unyamaze, useme asante sana. Lakini sahani ikija tu, hujui nani kapika, utasema: hii chumvi imezidi. Na mpishi atajua. Ndiyo maana tunafunika."

Siku hizi miswada mingi inatumwa na kusomwa kwenye kompyuta. Lakini jarida hili lina wahakiki sita wazee ambao macho yao hayataki kioo. Wao wanataka karatasi mkononi, na maoni yao wanayaandika kwa kalamu. Kwa hao kuna sheria moja zaidi: maoni ya mkono lazima yapigwe chapa upya ofisini na Akwero, mpiga chapa, kabla ya kumfikia mwandishi. Santa aliijua sheria hiyo. Sababu yake hakuwahi kuambiwa, wala hakuwahi kuuliza.

"Mimi niliona ni usafi tu," anasema. "Nikadhani hawataki mtu aletewe karatasi yenye mkwaruzo."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, Machi ya mwaka juzi. Umeme ulikuwa umekatika tangu Jumanne. Daktari Odyek alikuwa amekwenda Lira kuzika shangazi yake. Akwero alikuwa nyumbani na mtoto mchanga. Ofisini alikuwamo Santa peke yake, na birika.

Kabla ya saa sita akapanda ngazi mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, amevaa viatu vizuri na sketi iliyopigwa pasi, na mikononi akinukia samaki. Huyo ndiye Huguette. Yeye na dada yake mkubwa, Julienne, walitoka Bukavu wakiwa wasichana, wakafikia Kampala, na Julienne akamsomesha mdogo wake mpaka chuo kikuu kwa kuanika na kuuza mukene, wale samaki wadogo ambao kwingine huitwa dagaa, pale Ggaba, kwenye mwalo ambapo boti za uvuvi hutia nanga.

"Mama, nimengoja miezi saba," Huguette alimwambia. "Leo ndiyo mwisho."

Kulikuwa na chuo cha nje kilichokuwa tayari kumpokea kwa masomo ya udaktari na kumlipia. Walitaka aonyeshe kwamba kazi yake imesomwa na wahakiki, na waone walichosema. Mwisho wa kupeleka ulikuwa kesho yake, Ijumaa.

"Mhariri hayupo, mwanangu. Rudi Jumatatu."

"Jumatatu mlango utakuwa umefungwa, mama."

Santa anakumbuka kwamba binti hakulia. Angelia, anasema, pengine angemfukuza. Machozi ya ofisini ameyazoea. Binti alikaa tu kwenye benchi akatazama mikono yake. Miaka mingi nyuma Santa mwenyewe aliwahi kukaa kwenye benchi kama lile, akingoja kuambiwa kama jina la Okeny, mwanawe, limo kwenye orodha ya vijana walioandikishwa polisi. Halikuwamo.

Basi akainuka. Maoni ya mhakiki mmoja yalikuwa mezani kwa Akwero, kurasa mbili za mkono, yakingoja umeme. Ya mhakiki wa pili yalikuwa ndani ya kompyuta iliyozima. Barua ya uamuzi ilikuwa bado haijaandikwa. Santa akazichukua zile kurasa mbili. Chini kabisa ya ule wa pili kulikuwa na jina na sahihi. Akakata karatasi nyeupe, akapaka gundi, akafunika. Akapitisha kidole kila mstari kuhakikisha hakuna jina jingine. Hakuna. Akashuka kwenye kibanda chenye jenereta, akatoa nakala, akarudi akampa Huguette.

"Nilimpa kwa mikono miwili," anasema. "Kama zawadi."

Huguette alisoma akiwa amesimama kwenye ngazi. Alisoma ukurasa wa kwanza, akarudia tena ukurasa wa kwanza. Wa pili hakuufungua. Akasema "aksanti, mama," sauti ndogo, akashuka.

"Mimi nikaona amefurahi mpaka amekosa maneno. Nikarudi kwenye chai yangu."

Wiki tatu baadaye Daktari Odyek alimwandikia Huguette barua ya uamuzi. Ilikuwa barua njema: kazi isahihishwe, irudishwe, ina nafasi kubwa ya kuchapishwa. Jibu likaja siku hiyo hiyo, mstari mmoja: naondoa kazi yangu. Odyek alishangaa, akakuna kichwa, akaendelea na mengine. Waandishi wana mambo yao.

Kati ya wale wahakiki sita, anayekaa mbali na ofisi kuliko wote ni Profesa Ocaya. Ana miaka sabini na minane, na nyumba yake iko Kabalagala, nyuma ya mtaa wa baa. Santa humpelekea bahasha asubuhi, wakati ule baa zimelala na wanawake wanafagia vizibo vya chupa barabarani. Wote wawili ni Waacholi, na mzee humwita Min Okeny, yaani mama yake Okeny. Yeye humwita Ladit, kama kusema mzee wangu.

Ilikuwa miezi kadhaa baada ya Alhamisi ile, Profesa alipomuuliza swali wakiwa kwenye chai.

"Min Okeny, wewe unakwenda Ggaba kununua samaki. Kuna binti mmoja Mkongomani, Huguette. Humwoni huko?"

"Huyo umemjulia wapi, Ladit?"

Akasimulia. Alikuwa mwanafunzi wake miaka mitatu. Baada ya kustaafu kwake, na macho yalipoanza kufifia, binti alikuwa akija kila Jumapili baada ya kanisa kumsomea magazeti. Akileta na samaki wa dada yake. Halafu akaacha, bila neno wala simu.

"Nimemkosea nini?" mzee aliuliza. Akainuka, akapapasa rafu, akatoa bunda la karatasi lililofungwa uzi. Zilikuwa kazi za Huguette za tangu mwaka wa kwanza, pembeni zimejaa maandishi ya kalamu: herufi ndefu zinazolalia kushoto, na kila mkia wa herufi umejikunja kama ndoana. "Tazama tulivyohangaika. Mtoto huyu anaujua mwandiko wangu kuliko marehemu mke wangu alivyoujua."

Santa anasema alikiweka kikombe chini. Mikia ile aliijua. Alikuwa ameipitishia kidole mwenyewe, mstari kwa mstari, akitafuta jina.

"Kazi yangu yote ni majina," anasema. "Mtu mimi nikishafunika jina lake, amekwisha, hayupo. Sikujua kwamba mkono nao unasema ni wa nani. Mtoto wa darasa la kwanza anajua! Mimi sikujua."

Hakumwambia mzee kitu. Alikunywa chai, akachukua bahasha, akaondoka. Na akanyamaza zaidi ya mwaka mzima. Ofisi ile inasimama kwa kunyamaza. Nani amemsoma nani, hilo halitoki. Tena aliogopa kufukuzwa, hilo halifichi. Kila mwezi alipanda kwenda Kabalagala, na kila mwezi mzee aliuliza: humwoni? Naye alijibu: Ggaba ni kubwa, Ladit.

"Uongo," anasema. "Ggaba ni ndogo. Nilikuwa namwona kila Jumamosi. Nilikuwa nakwenda kununua samaki upande mwingine."

Agosti mwaka huu alichoka. Siku hiyo Daktari Odyek alimkuta amekaa kwenye kiti cha wageni, mikono mapajani.

"Mama Santa, unaumwa?"

"Naumwa na kosa, Daktari."

Alimweleza mwanzo hadi mwisho. Odyek alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Alikasirika, na haki alikuwa nayo. Alimwambia kwamba ametoa neno moja kati ya mawili, tena lililo kali, bila barua ya kulieleza; kwamba mhakiki wa pili alikuwa ameisifu ile kazi; kwamba binti alikwenda na nusu ya hukumu akidhani ni yote.

Kisha sauti yake ikashuka.

"Miezi saba," alisema. "Mswada ulikaa miezi saba. Huo ni mzigo wangu, si wako. Ningekuwa nimemjibu, asingekuja kukaa kwenye benchi."

Hakumfukuza. Ila alisema siri ya mhakiki ni ya mhakiki, na hakuna wa kuifungua ila mwenyewe. Lazima Profesa aulizwe kwanza. Odyek alitaka kumpigia simu. Santa akakataa.

"Nilimwambia, Daktari, kosa lilitembea kwa miguu yangu. Acha niende kwa miguu yangu."

Profesa alimpokea kama kawaida, akamvutia kiti.

"Ladit, leo sikuleta bahasha. Nimeleta neno baya."

"Kaa kwanza upumue. Umepanda kilima."

Alipomaliza kusimulia, chai ilikuwa imepoa, na maziwa yamefanya utando juu. Mzee alikuwa amegeuzia uso dirishani, ingawa dirishani siku hizi haoni ila mwanga.

"Ile ya boti za Ggaba?" aliuliza.

"Ndiyo hiyo."

"Ilikuwa yake?"

"Yake, Ladit."

"Mimi nilidhani ni mwanamume," Profesa alisema. "Nikafikiri ni bwana fulani wa ofisi kubwa. Amehesabu boti zote, amehesabu injini zote, na hakumhesabu hata mwanamke mmoja anayeanika samaki. Nikakasirika. Niliandika… Unakumbuka nilichoandika?"

Santa hakukumbuka, alikuwa akitafuta jina. Mzee alikumbuka mwenyewe. Aliandika kwamba anatia shaka kama mwandishi huyu amewahi kushika samaki kwa mkono wake.

Nje mtu alikuwa akikokota kreti za soda kwenye saruji.

"Samaki wake nilikuwa nakula kila Jumapili," alisema Profesa.

Santa akamuuliza jambo lililokuwa likimsumbua: angejua ni kazi ya Huguette, angeandika vile vile?

"Ningeandika kwa upole," alisema mzee. "Ningesema ni nzuri, ongeza kidogo hapa na hapa. Na ile kazi ingebaki na shimo katikati, na mimi ningekuwa nimemdanganya." Akatikisa kichwa. "Ulifunika vizuri, Min Okeny. Upande wangu ulifunika vizuri sana."

Ndipo akatoa ruhusa. Jina langu nalifunua mwenyewe, alisema, mwambie yote. Ila mswada ule ukiandikwa upya, yeye hafai tena kuuhukumu, maana sasa anajua ni wa nani. Wakimletea ataurudisha. Atangoja uchapishwe kama watu wengine, na daktari wa macho hakumpa miaka mingi ya kungoja.

"Nani anakusomea magazeti siku hizi, Ladit?"

"Redio," alisema mzee.

Jumamosi iliyofuata Santa alishuka Ggaba, na safari hii hakuzunguka. Aliwakuta dada wawili wameinama juu ya wavu, wakitandaza mukene. Julienne, ambaye ulimi wake unajulikana mwalo mzima, alimwona kwanza.

"Ee, mama wa ofisi! Miaka miwili unatukimbia kama tunakudai. Leo umepotea njia?"

"Leo nimeipata," Santa alijibu. "Nimekuja kwa mdogo wako."

Huguette hakusimama. Aliendelea kutandaza, kiganja kikienda na kurudi. Santa akaongea akiwa amesimama juani. Alisema ni yeye aliyetoa karatasi zisizotakiwa kutoka. Alisema kulikuwa na mhakiki wa pili, na alisifu. Alisema mhariri alikuwa anataka kuichapisha.

"Barua ya mhariri niliiona, mama," Huguette alisema. "Haikunisaidia kitu. Mi sikuumia kwa sababu ya kukataliwa. Nimekataliwa mara mingi. Niliumia kwa sababu ni yeye. Yeye anajua mikono yangu. Alikula kwa mikono hii. Halafu anaandika kwamba sijawahi kushika samaki? Alikuwa ananicheka."

"Hakujua ni wewe."

"Mama, usinifariji."

"Sikufariji. Jina lako lilikuwa mle mara tisa. Nililifunika mara tisa, kwa mkono huu. Hata mimi ningepewa ile nakala tu nikaulizwa ni ya nani, nisingejua. Mzee alidhani ni mwanamume wa ofisini."

Kiganja cha Huguette kikasimama juu ya samaki.

"Mwanamume?"

"Mwenye tai."

Julienne alicheka kwa sauti, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Sasa ngoja," alisema. "Kwa nini mzee adhani hivyo? Si uliandika juu ya hapa? Juu yetu sisi hukusema kitu?"

Huguette alijibu bila kumtazama dada yake. Alisema kurasa sita zilikuwa juu ya wanawake wa kuanika samaki. Aliziandika kwanza kabla ya nyingine zote. Halafu akazitoa. Aliona haya, aliogopa wasomi watasema ameleta habari za jikoni kwao. Akaacha boti na injini, akaona hiyo ndiyo elimu.

Julienne alitazama wavu. Aliokota samaki mmoja aliyekuwa amelalia ubavu usiofaa, akamgeuza.

"Basi ule muzee alisema kweli," alisema, na siku hiyo hakuongeza neno jingine.

Ingekuwa vizuri kuandika kwamba Huguette alivua aproni akaenda Kabalagala. Hakwenda. Alimsikiliza Santa mpaka mwisho, akamshukuru, akasema miaka miwili na nusu si siku mbili. Nafasi ya chuo cha nje ilikwenda kwa mwingine. Hesabu ya boti imekuwa ya zamani. Boti nyingi alizoziandika zimehama au zimeoza, na jarida halichapishi ziwa la juzi. Zile kurasa sita zilikuwa kwenye kompyuta iliyokufa.

"Mwambie mzee nimesikia," alisema.

"Nimwambie hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama. Kwa sasa."

Santa alimpelekea Profesa neno hilo moja. Mzee alimwomba alirudie. Alipolisikia mara ya pili aliitikia kwa kichwa, akauliza binti alikuwa na afya gani, na kama bado anasuka nywele zake kwa nyuma. Jumapili, anasema Santa, mlango wake wa mbele anauacha wazi mpaka mchana. Hasemi kwa nini.

Ofisini mambo yamebadilika kidogo. Maoni ya mkono sasa yanafungiwa kabatini, ufunguo anao Akwero. Miswada haikai mezani zaidi ya miezi mitatu. Odyek amebandika karatasi ukutani yenye tarehe. Santa bado anafunika majina. Anapomaliza ukurasa, siku hizi anauweka mbali kidogo na kuutazama wote, mwandiko na michoro na kila kitu, akijiuliza kama kuna njia nyingine ambayo mtu anaweza kujulikana.

"Najuta," anasema. "Ningemwambia rudi Jumatatu, angenichukia mimi. Ningeweza kubeba kuchukiwa. Nimebeba mengi. Lakini nilitaka kuwa mtu mwema siku ile, nikafanya mambo ya watu wasiojua."

Ana mpango, na haujamfurahisha kila mtu. Mwezi ujao anaanza likizo yake ya mwaka, wiki tatu. Kila mwaka huenda Kitgum kuona wajukuu. Mwaka huu amewaambia wasimngoje. Amenunua daftari la mistari, na Daktari Odyek, baada ya kubishana naye siku mbili, amemchorea safu ndani yake: tarehe, saa, mahali, idadi. Kuanzia Jumatatu ya kwanza atakaa Ggaba tangu boti zinapoingia, na atawahesabu wanawake wanaoanika samaki, siku baada ya siku, upande kwa upande.

Odyek amemweleza wazi kwamba hesabu ya mhudumu peke yake haichapishiki. Lazima awepo mtafiti wa kuuliza maswali, kupima, kuandika. Santa anajua hivyo. Ndiyo maana alikwenda tena Ggaba wiki iliyopita kumwonyesha Huguette lile daftari.

Huguette alilifungua, akatazama zile safu, akapitisha kidole kwenye moja.

"Hapa pamekosekana safu ya umri," alisema.

Akalirudisha. Hakusema atakuja. Hakusema haji. Santa alipokuwa anaondoka, Huguette alimwita kutoka nyuma, akamuuliza ataanzia upande gani wa mwalo, wa sokoni au wa kanisani.

Santa hajui maana ya swali hilo, na hataki kulitafutia maana ambayo halina. Safu ya umri ameichora mwenyewe, imepinda kidogo. Jumatatu hiyo atapanda teksi ya kwanza kutoka Nakawa, na daftari lake litakuwa ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua.

"Akija, nitamshikia kalamu," anasema. "Asipokuja, nitaanza hivyo hivyo. Nitaanza na dada yake. Namba moja, Julienne."